Antena ya Mezani Haivuki Ubwari

Saa nne usiku kwa saa za mashariki mwa Kongo, tarehe 7 Februari 2024, wachezaji wa Leopards, timu ya taifa ya Kongo, walijipanga katika uwanja wa Ebimpé, Abidjan, kwa nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wimbo wa taifa ulipopigwa, waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani mithili ya bastola. Côte d'Ivoire ilishinda 1-0 kwa bao la Sébastien Haller la dakika ya 65, na bao hilo wengi wamelisahau. Ishara ile haijasahaulika. Ilikuwa inawasemea watu wa mashariki wanaouawa huku dunia imenyamaza.

Sasa tuulize swali la kifundi. Huku mashariki penyewe, hasa Baraka na Fizi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nani aliiona ishara hiyo ilipokuwa ikitolewa? Mwenye dishi ambaye malipo yake ya mwezi hayajaisha, aliiona. Aliyetoa kiingilio akabanana na wenzake kwenye benchi la ukumbi wa video, aliiona. Wengine walifuata mpira redioni, au wakasubiri kipande cha video kipite kwenye WhatsApp, kama mega zilikuwepo. Aliyekuwa na televisheni bapa ya kisasa, sola yenye nguvu na antena ya mezani peke yake, huyo alikuwa na samani tu.

Na bado antena hizi zinanunuliwa. Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya miji ya ukingo wa Tanganyika utazikuta zimepangwa pamoja na chaja, redio na taa za sola. Ile ya zamani ina kitako kizito cha plastiki, fimbo mbili za kuvuta, duara la chuma katikati na kebo nyembamba isiyofika mita mbili. Ile mpya ni karatasi nyeusi ya kubandika ukutani, na kijisanduku cha busta chenye taa ndogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Boksi lake lina picha ya familia inayocheka kwenye kochi jeupe na maandishi makubwa: HD, 4K, maili 200. Swali la mnunuzi halibadiliki: "Fundi, hii itashika?" Fundi mkweli hujibu kwa kuuliza naye: unakaa wapi, na mnara uko wapi?

Hapo ndipo penye kisa chote. Antena haitengenezi picha. Inaokota kile ambacho mnara umerusha na ambacho kimefika mahali ilipo. Ikiwa hakijafika, hata ukiipaka dhahabu itaokota hewa.

Tuanze na hizo maili 200, maana uongo wake unapimika kwa hesabu ya shule. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, nayo dunia ni mviringo. Umbali ambao antena inaweza "kuona" juu ya maji au tambarare, kwa kilomita, ni takriban 4.12 ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha kimo chake kwa mita. Antena iliyo dirishani, mita mbili kutoka ardhini, inaona kilomita sita hivi. Mnara wa mita 100 unaona kilomita 41. Jumlisha viwili hivyo, unapata kilomita 47, na hapo ndipo upeo ulipo. Maili 200 ni kilomita 322. Ili antena yako ya dirishani ionane na mnara ulio mbali kiasi hicho, mnara huo uwe na kimo cha karibu mita 5,900 juu ya uso wa ziwa. Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari ni mita 5,895. Aliyechapa boksi lile alitaka tujengewe Kilimanjaro ya pili.

Sasa tuiweke hesabu hiyo juu ya ramani yetu. Baraka imekaa kwenye ufuko wa Ghuba ya Burton, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mgongoni kwake ipo safu ya Mitumba. Mbele yake, ng'ambo ya ghuba, imelala rasi ya Ubwari na vilima vyake. Bukavu, makao ya kawaida ya mkoa wetu wa Kivu Kusini, iko kilomita 180 hivi kwa mstari wa ndege, na katikati pana milima juu ya milima. Uvira iko karibu kilomita 80, ikifuata ukingo uleule wa ziwa ambao milima yake hushuka mpaka majini. Ng'ambo, Rumonge ya Burundi iko kama kilomita 40. Kigoma ya Tanzania ni zaidi kidogo ya kilomita 100, na ukichora mstari kutoka Baraka kwenda Kigoma unapita juu ya Ubwari.

Mtu akitazama ziwa asubuhi, maji yametulia, upande wa Burundi unaonekana wazi, husema: mbona ng'ambo ni hapo tu? Jicho linaona milima, kwa sababu milima ni mirefu. Maji yenyewe yana mgongo. Chukua milingoti miwili ya mita kumi, mmoja Baraka na mwingine ufukweni Rumonge: kila mmoja unaona kilomita 13, jumla 26. Umbali ni 40. Haionani, hata kama kati yake hakuna kitu isipokuwa maji na mitumbwi ya wavuvi wa ndagala.

Kinachookoa ni kimo cha mtambo. Milima ya Burundi inayopakana na ziwa inapita mita 2,000, na mtambo uliowekwa mita 1,600 juu ya uso wa ziwa unaona kilomita 165. Kwa hesabu hiyo, anayekaa ufukweni Baraka, upande ulio wazi kaskazini-mashariki, anaweza kuokota matangazo ya Burundi, akiwa na antena ya nje iliyoelekezwa sawasawa. Jirani yake aliyejenga nyuma ya kilima, nusu saa kwa mguu, asipate kitu. Kule juu Fizi nako ni hivyohivyo: kuwa mlimani hakutoshi, inategemea nyumba imegeukia bonde gani. Watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kugombana juu ya antena moja na wote wakawa na haki.

Yapo pia mambo ya ajabu yanayoongeza ubishi. Hewa ya joto ikitanda juu ya maji yenye ubaridi, mawimbi hupinda na kuambaa juu ya ziwa, yakafika mbali kuliko kawaida yake. Chaneli ya ng'ambo inajitokeza jioni, inang'aa, watoto wanaita majirani, halafu saa mbili baadaye imekwenda na hairudi wiki nzima. Mwenye nyumba anaamini antena imeharibika. Anaigeuza, anaifunga waya, anaihamishia juu ya kabati. Antena haina kosa lolote. Siku ile hewa ilimpa zawadi, na zawadi haidaiwi.

Hayo yote ni kabla hatujaingia ndani ya nyumba. Ndani ndimo mawimbi yanamokwisha.

Mwaka 2006 mataifa ya Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia yalikutana Geneva kugawana masafa ya televisheni ya dijitali. Wataalamu wao walilazimika kukubaliana antena ya mwananchi iko wapi. Kwa anayepokea kwa antena ya nje waliweka kimo cha mita kumi. Kwa anayepokea ndani waliweka mita moja na nusu, yaani mezani. Kisha wakapima gharama ya kushuka. Katika masafa ya UHF, kushuka kutoka mita kumi hadi moja na nusu kunapoteza desibeli 16 hivi. Kupita ukutani kunapoteza desibeli nyingine 8. Jumla ni 24, na kwa lugha ya kawaida maana yake ni kwamba nguvu inayofika mezani ni kama sehemu moja ya 250 ya ile iliyokuwa juu ya paa. Antena ya nje, ile ndefu yenye mbavu nyingi, huongeza desibeli kumi kwa sababu inaelekea upande mmoja tu. Ile ya mezani haiongezi kitu. Ukizijumlisha, tofauti inapita mara 2,000.

Hesabu hiyo ilifanywa kwa nyumba za wastani, na wastani wao si wa Fizi. Nyumba ya tofali za kuchoma yenye paa la mabati na vyuma dirishani ni ngome. Bati hurudisha mawimbi yalikotoka. Yanayoingia yanapitia dirishani na mlangoni, tena yakishagonga ukuta huu na ule. Msimu wa mvua ukuta ukilowa hunyonya zaidi. Nyumba ya nyasi kavu hupitisha mawimbi vizuri kuliko ya bati, na hema la plastiki huyapitisha vizuri kuliko zote. Kwa upande wa mawimbi peke yake, mkimbizi wa Burundi aliyepewa turubai kambini Lusenda alikuwa na nafasi bora kuliko mfanyabiashara wa Baraka mwenye nyumba ya tofali na vigae sakafuni. Ni faraja ndogo sana, lakini fizikia haijali vyeo.

Halafu kuna adui tunayemweka wenyewe pembeni ya televisheni. Nyumba nyingi za huku zinaishi kwa sola: plaki juu ya paa, betri chini ya meza, na inveta ya bei nafuu inayobadilisha umeme wa betri. Inveta hizo, pamoja na vidhibiti vya chaji na taa za LED zisizo na jina, hurusha kelele za redio zisizosikika kwa sikio. Antena iliyo mita moja kutoka hapo inazipokea vizuri kuliko inavyopokea mnara ulio kilomita 80, hasa kwenye chaneli za VHF. Kipimo chake ni rahisi. Chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye masafa ya AM mahali pasipo na kituo, iwashe karibu na inveta, kisha zima inveta. Ule mkoromo ukikatika, umempata mwizi wako. Watu hununua antena ya pili na ya tatu, na dawa ilikuwa kusogeza meza.

Busta nayo ina sifa isiyo yake. Taa yake ikiwaka mtu anahisi kuna kazi inafanyika. Kazi inafanyika kweli: inakuza kila kinachoingia, mawimbi na kelele kwa pamoja, na juu yake inaongeza kelele yake yenyewe. Ikiwa mawimbi yamefika dhaifu kuliko kelele, yatatoka makubwa na bado dhaifu kuliko kelele. Mahali pa busta ni juu ya mlingoti, karibu na antena, kabla kebo ndefu haijala mawimbi. Nyuma ya televisheni, kwenye kebo ya mita moja na nusu, haina cha kufidia.

Wazee wanaokumbuka televisheni ya analojia huwa wanashangaa, na mshangao wao una msingi. Zamani mawimbi dhaifu yalileta chenga. Ulimwona mchezaji ndani ya chenga, pengine na kivuli chake pembeni, kwa sababu mawimbi yaliyogonga mlima yalifika yakiwa yamechelewa kidogo. Mpira mmoja ukawa miwili, na watu wakabishana ni upi umeingia golini. Ilikuwa taabu, lakini ilikuwa picha. Mtoto alisimama kashika fimbo ya antena, picha ikatulia, akaambiwa asiondoke hapo mpaka filimbi ya mwisho. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo alikuwa sehemu ya antena kwelikweli.

Dijitali haina huruma hiyo. Ina kizingiti. Mawimbi yakiwa juu ya kizingiti, hata kwa unywele, picha ni safi kama ya Kinshasa. Yakishuka chini yake, picha inakatika vipande vya mraba, sauti inakwama, kisha skrini inaandika kwamba hakuna mawimbi. Kwa hiyo antena iliyokuwa ikileta chenga zinazovumilika, ikifungwa kwenye dekoda ya dijitali inaweza isilete kitu kabisa. Mtu anasema dekoda ni mbovu. Dekoda imekataa kukisia, basi.

Na hapa kuna jambo ambalo naona ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi: redio. Fizi ni nchi ya redio. Redio za jamii za Baraka, na Redio Okapi iliyoanza mwaka 2002, zinasikika ndani ya nyumba, jikoni, mfukoni mwa mtu anayelima. Kwa antena ya waya mfupi tu. Mtu anajiuliza kwa haki: kama redio yangu ya dola tano inashika ndani ya bati, kwa nini televisheni ya dola mia mbili ishindwe?

Majibu ni matatu na yote ni mazito. Kwanza, mtambo wa redio uko hapa hapa. Wa televisheni hauko. Pili, wimbi la FM lina urefu wa mita tatu, nalo hupinda kwenye vilele vya vilima kwa wepesi. Wimbi la UHF la megahezi 600 lina nusu mita, na nyuma ya kilima linaacha kivuli kikali. Tatu, chaneli ya televisheni inahitaji njia yenye upana wa megahezi 8, wakati kituo cha FM kinatosheka na 0.2. Njia yenye upana mara 40 inaingiza kelele mara 40. Sauti ya mtu inavumilia kelele. Uso wake hauvumilii. Redio imetulea vibaya, tukadhani mawimbi yote yana tabia ya redio.

Televisheni yenyewe ilichelewa kutufikia, na ilipokuja ilitoka mbinguni. Kinshasa ilianza kurusha mwaka 1966. Miaka ya Mobutu, taarifa ya habari ilifunguliwa na uso wa rais ukishuka kutoka mawinguni, na mtu wa Kinshasa aliuona kwa antena ya ndani bila shida, maana mnara ulikuwa mjini mwake. Nchi yenye upana wa Ulaya Magharibi haiwezi kufunikwa na mnara mmoja, kwa hiyo Zaire ilikimbilia satelaiti mapema, ikapeleka picha katika miji ya mikoa na kuzirusha tena kutoka hapo. Mlolongo huo uliishia kwenye miji mikubwa. Katika milima ya Fizi, ambako Laurent-Désiré Kabila aliweka kambi ya chama chake cha PRP tangu mwaka 1967, serikali haikuwa na haraka ya kujenga mnara, na waasi hawakuwa na haja nao.

Mazoea ya televisheni wengi waliyapata ng'ambo. Vita vya 1996 na vile vilivyofuata vilivusha maelfu ya watu wa Fizi kwenda Kigoma, wakaishi Nyarugusu na kambi nyingine, na kurejea kwao kwa meli hadi Baraka kulianza mwaka 2005. Walirudi na Kiswahili cha Tanzania, na mapenzi ya Simba na Yanga. Baadhi walirudi na televisheni. Hapo kulikuwa na kizingiti kingine ambacho fundi wa siku zile ilibidi akijue. Tanzania ilitumia mfumo wa PAL. Kongo na Burundi zilirithi SECAM kutoka upande wa Kifaransa. Televisheni isiyojua SECAM ilipookota kituo cha Burundi ilionyesha picha isiyo na rangi, au picha bila sauti. Ni antena ngapi zilitupwa kwa kosa hilo, Mungu anajua.

Leo njia inayofanya kazi ni dishi, na sababu yake inapendeza kuitazama kwa makini. Chukua satelaiti ya nyuzi 7 Mashariki, ile inayobeba Azam. Kutoka Baraka iko upande wa magharibi, kidogo kaskazini, yaani dishi linageukia moja kwa moja milima ya Mitumba, ile ile inayotuzibia kila kitu. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani fundi amekosea. Lakini tazama mwinamo: linaangalia juu kwa nyuzi 63 hivi kutoka usawa wa ardhi. Mlima hauna kimo hicho machoni pa mtu wa ufukweni. Mawimbi yanapita juu ya Mitumba na kushuka uani. Satelaiti ya nyuzi 36 Mashariki, inayobeba DStv, iko karibu utosini kabisa, nyuzi 80. Kuishi karibu na ikweta kuna faida zake.

Dishi nalo haliingii ndani. Kwenye masafa yake, wimbi lina sentimita mbili na nusu. Bati, tawi la mwembe, hata mvua kubwa ya saa tisa alasiri vinalikata. Na linakuja na dekoda, kadi na malipo ya kila mwezi. Hapo ndipo bei ya mnara usiokuwepo inapolipwa, na anayeilipa ni mwenye nyumba. Mtu wa Bujumbura au Dar es Salaam aliye chini ya mnara anaweza kushika angalau chaneli chache kwa antena ya ndani. Kwake antena ya mezani ni chombo halali, na sina ugomvi nayo. Ilibuniwa kwa mtu huyo: mnara unaonekana dirishani, ukuta mwembamba, umeme wa kampuni. Ikivuka ziwa inabaki na boksi lake zuri.

Kuna sababu moja ya kuipenda antena ya ndani ambayo siwezi kuidharau: radi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya satelaiti ya NASA vya miaka 16 walipanga maeneo yanayopigwa na radi kuliko yote duniani. La kwanza ni Ziwa Maracaibo la Venezuela. La pili, na la kwanza Afrika, ni Kabare, huku huku Kivu Kusini, radi 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Fizi si Kabare, lakini mawingu ni ya ukoo mmoja. Mama anayekataa mumewe asisimamishe bomba la chuma juu ya paa ana hoja, hata kama jirani anasema radi hutumwa na watu. Inayotumwa na isiyotumwa zote hufuata chuma kuingia ardhini. Anayesimamisha mlingoti auunganishe mguu wake kwa waya mnene wa shaba na chuma kilichopigiliwa chini, nje ya nyumba, na wingu likianza kunguruma mbali achomoe kebo kwenye televisheni. Hilo la pili halina gharama na ndilo linalosahaulika.

Kwa aliye ufukweni, mwenye upande wazi na anayetaka kujaribu chaneli za bure, pesa ya busta iende kwenye mwanzi mrefu na kebo nene. Mita kumi za kebo nzuri zinakula desibeli mbili; kupanda mita hizo kumi kunarudisha kumi na sita. Antena yenyewe inaweza kuchongwa: fimbo ya antena ya UHF ya megahezi 600 ni sentimita 25 kutoka ncha hadi ncha, na waya wa shaba wa urefu huo, mbele ya wavu wa chuma, utashinda karatasi nyeusi ya maili 200 mchana kweupe. Kabla ya kuchimba shimo, mtu apande na antena kwa mkono, azunguke uwanja mzima, maana hatua mbili kushoto zinaweza kuleta kilichokosekana kulia. Na kwa aliye nyuma ya mlima, fundi amwambie ukweli asubuhi, kabla hajauza mbuzi.

Makubaliano ya Geneva yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa televisheni ya analojia ya UHF. Tarehe hiyo imepita. Mjadala wa dijitali Kongo umekuwa mjadala wa Kinshasa, wa leseni na wa dekoda za kampuni. Fizi haihitaji mjadala mrefu kiasi hicho. Inahitaji mawimbi yarudiwe: mtambo mdogo juu ya kilima kinachoona mji, unaopokea kutoka satelaiti na kurusha tena kwa wati chache tu, ili mtu wa mtaani aliye kilomita tatu ashike kwa fimbo zake mbili. Kwa Baraka, kilima cha Ubwari kinachoelekea ghuba au bega la Mitumba nyuma ya mji vingefaa. Kwa mji wa Fizi, itabidi kilima kingine, maana mtambo mmoja hautaona pande zote. Mtambo wa namna hiyo hauli umeme mwingi, na plaki za sola zinaweza kuulisha.

Ugumu uko kwingine. Kilima chenye mtazamo mzuri wa mji kinapendwa na mtangazaji na kinapendwa na mwenye bunduki, kwa sababu ileile. Betri na kebo za shaba huibwa. Mtu lazima alale kule juu, alipwe kila mwezi, na malipo yasichelewe. Redio za jamii za Baraka zimekuwa zikiyabeba hayo kwa miaka kwa michango, matangazo ya vifo na harusi, na misaada inayokuja na kukatika, na mitambo yao bado inarusha. Atakayeleta televisheni ya bure Fizi aanze kwa kuwauliza wao wanamlipaje mlinzi.